Muziki wa filamu fupi ukigoma: dalili, chanzo, na pa kuanzia kupekua

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu muziki wa filamu fupi huanza kwa maneno yaleyale: "Kaka, sauti imeharibika." Ukimuuliza imeharibikaje, mwenzako hana jibu, ila tayari ameshafuta traki mbili, amenunua kebo mpya na amegombana na mhariri. Utunzi wenyewe mara chache ndio wenye kosa. Kosa hukaa njiani, kati ya meza ya uhariri na chumba cha kurekodia. Kwa hiyo usiguse noti hata moja mpaka umekagua kwanza faili, kisha waya, kisha makubaliano.

Nimezipanga dalili kuanzia zile ninazoulizwa mara nyingi. Ndani ya kila dalili, chanzo cha kawaida kiko mbele na kile cha nadra kiko nyuma.

Muziki unapishana na picha

Kabla ya yote, jua unapishana vipi. Cheza filamu mwanzo, katikati na mwisho, uandike tofauti unayoiona kila mahali. Mara nyingi jibu utakalopata litakuwa moja kati ya matatu.

*Tofauti ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho.* Vua hedifoni za bluetooth. Sitanii. Huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na kwa filamu ya fremu 25 (picha 25 kwa sekunde) hizo ni fremu mbili na nusu. Nimemwona mtunzi akisogeza traki zote mbele ili zilingane na hedifoni zake, halafu ukumbini muziki ukawa unawahi kila tukio. Ukisikiliza kwa waya na tofauti bado ipo, angalia kama ulituma mp3. Kuibana sauti kuwa mp3 huongeza kimya kifupi mwanzoni mwa faili. Tuma wav. Tofauti ikibaki bado, basi wewe na mhariri hamkuanzia mahali pamoja. Dawa yake ni ya zamani na haijashindwa: mwombe aweke bipu ya fremu moja sekunde mbili kabla ya fremu ya kwanza ya filamu, nawe uiweke bipu hiyohiyo kwenye kila faili unayomrudishia. Bipu mbili zikilia kama moja, mmelingana.

*Tofauti inakua kadiri filamu inavyokwenda.* Hapa tatizo ni namba, na namba hazina huruma. Inayosumbua zaidi ni kiwango cha sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde. Video hutumia 48 kHz, lakini programu nyingi za kurekodia hufunguka zikiwa kwenye 44.1 kwa sababu zimezoea nyimbo. Faili ya 44.1 ikichezwa kama ya 48, muziki hukimbia na kupanda karibu nusu toni moja na nusu. Niliwahi kutunga muziki mfululizo kwa filamu ya dakika 11; kwa mhariri ukaisha dakika ya 10 na sekunde 6, na mwimbaji wetu, mama mtu mzima, akasikika kama binti wa kidato cha pili. Nilikaa siku mbili nikipanga upya tempo kabla sijatazama kona ya chini ya skrini palipoandikwa 44100. Ukikuta hali hiyo usivute traki kwa mkono. Toa faili upya kwa 48 kHz, biti 24, na uache programu yenyewe ibadilishe.

Ikiwa sampuli zinalingana, angalia fremu. Filamu ya fremu 24 ikichezwa kwa 25, dakika 10 zinakuwa dakika 9 na sekunde 36. Hiyo utaiona haraka. Mjanja ni 23.976 dhidi ya 24: katika dakika 10 tofauti ni sekunde 0.6 tu, kiasi kwamba dakika mbili za mwanzo unajiona uko sawa, halafu kofi la dakika ya tisa linalia kabla mkono haujafika shavuni. Usimwulize mhariri "ni fremu ngapi?" kwa sababu atakujibu 24 kwa zote mbili. Mwombe picha ya skrini ya mipangilio ya mradi wake.

*Tofauti inakuja na kuondoka.* Uliza kama filamu, au sehemu yake, ilipigwa kwa simu. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika, na programu za uhariri huyumba zikikutana na faili kama hizo. Mhariri azibadilishe klipu ziwe na fremu zisizobadilika kabla ya kuhariri. Programu ya HandBrake ni ya bure na inaifanya kazi hiyo. Na kama wewe ulipokea filamu kwa WhatsApp kama video ya kawaida, usiitungie muziki: imebanwa njiani. Itumwe kama dokumenti, au kwa kiungo cha Google Drive.

Kuna kupishana kwa aina ya nne, na huko kosa si la mashine. Mhariri amekata tena. Alikuambia picha imefungwa, ukatunga, halafu mwongozaji akaona tukio la jikoni ni refu. Tuseme mlango ulikuwa unabamizwa sekunde ya 37.5, nawe ukatunga kwa tempo 96 (mapigo 96 kwa dakika), ukauangukia kwenye mapigo 60 kamili. Sasa zimekatwa sekunde moja na nusu, mlango uko sekunde ya 36. Kama muziki bado ni noti za kinanda cha programu ndani ya kompyuta, panda hadi tempo 100: mapigo 60 yaleyale yanaingia ndani ya sekunde 36, na hakuna atakayegundua. Kama umesharekodi wapigaji, usikimbilie kuvuta sauti kwa programu. Sauti tandavu ya kinanda huvumilia, ngoma haivumilii. Kofi lake hugeuka kuwa kama mtu anapiga godoro. Kata mapigo mawili mahali penye pumziko (kwa tempo 96 ni sekunde 1.25), na robo sekunde iliyobaki uichukue kwenye kimya kilichotangulia mlango. Mkato wa tatu ukija, simamisha kazi na uombe kikao. Utazunguka bure mpaka wao wakubaliane.

Kuna mvumo chini ya muziki wote

Umeme wetu Tanzania, kama wa Kenya na Uganda, ni wa hezi 50, na mvumo wake ni noti nene iliyo karibu sana na G ya chini kabisa ya besi. Ndiyo maana watu hudhani ni besi yenyewe. Jaribio la kwanza halina gharama: chomoa chaja ya laptopu, rekodi sekunde kumi kwa betri. Mvumo ukikata, chaja na saundi kadi (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) zilikuwa zinazunguka kupitia njia mbili tofauti za ardhi. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja nzuri, kutoka soketi moja. Mara nyingi hapo ndipo hadithi inapoishia.

Kama bado upo, chomoa kebo moja baada ya nyingine huku ukisikiliza. Kebo ya gitaa iliyochoka huvuma ukiigusa. Gitaa la koili moja huvuma kulingana na unavyoelekea. Geuka robo mzunguko na utasikia mvumo ukipungua. Sauti ya tiki-tiki-tiki inayoingia na kutoka ni simu ya mtu mfukoni. Mlio mkali unaochonga, ulio juu ya mvumo, mara nyingi ni taa za bei nafuu au chaja ya simu iliyo jirani na kebo ya maiki. Kinanda au kipaza cha gitaa kikiendelea kuvuma baada ya yote hayo, tafuta kisanduku cha DI (kile kinachounganisha chombo cha umeme na saundi kadi) chenye swichi ya kukata ardhi ya *sauti*. Ya sauti, si ya umeme.

Nasisitiza hilo kwa sababu mtaani kuna ushauri wa kung'oa ile pini ndefu ya juu ya plagi ili "kuua hamu", yaani mvumo. Usifanye. Pini hiyo ndiyo inayoupeleka umeme ardhini waya ukichomoka ndani ya kipaza. Ukiikata, njia iliyobaki ni mwili wa mwimbaji aliyeweka midomo kwenye maiki.

Simama na umwite fundi umeme mwenye leseni (Tanzania Bara hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ukiona lolote kati ya haya: mtu anahisi mtekenyo akigusa maiki au chuma cha kinanda, soketi inapata moto, au kuna harufu ya plastiki inayoungua. Vilevile usifungue kipaza cha valvu. Kapasita zake hubaki na volti mamia hata kikiwa kimechomolewa ukutani.

Mvumo ambao tayari umo kwenye rekodi nzuri isiyorudiwa unaweza kupunguzwa kwa ekwalaiza (chombo cha kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti), ukikata kwa wembamba kwenye hezi 50, 100 na 150. Ukizidisha unakata na nyama ya besi.

Vyombo havikai pamoja

Hapa watu hupoteza siku nyingi kuliko mahali pengine popote, na ni kwa sababu hurekebisha chombo kisichokosea.

Anza na hali ya hewa. Ngozi ya ngoma hulegea kwenye unyevu, na Dar wakati wa masika utaipasha moto saa nne, ifikapo saa tano imeshuka. Ukirekodi tukio moja katika vipande vitatu bila kuipasha upya, mkato utasikika hata kama mkono wa mpigaji haukubadilika. Udi nao huhama sauti ukitoka kwenye joto la nje kuingia chumba chenye kiyoyozi. Uache ukae chumbani nusu saa ndipo uulize kama umeharibika. Mimi hurekodi noti moja ya kila chombo mwanzo wa kila kipande, kama kumbukumbu.

Baada ya hewa, angalia kinanda. Ukichanganya kinanda cha kompyuta na mpiga udi, fidla au qanuni aliyelelewa kwenye taarabu ya Unguja, usishangae akisikika "nje" kwenye noti moja tu, kila mara ileile. Hajakosea. Katika maqamu (ngazi ya noti) ya bayati inayoanzia D, noti ya E haiko kwenye kibonye cheupe wala cheusi. Iko katikati, karibu senti 50 chini ya E ya piano (nusu toni moja ina senti 100). Maqamu ya rast inayoanzia C ina E na B za namna hiyo. Vinanda vingi vina mahali pa kushusha noti moja moja; weka E kwenye −50, kisha mwache mpigaji akuambie ipande au ishuke kidogo, kwa kuwa wazee wa chombo hawakubaliani kwa senti. Ukishindwa, ondoa E kwenye kinanda na umwachie udi noti hiyo peke yake. Mara nyingi tukio linapendeza zaidi hivyo.

Ilimba ya Kigogo, chombo cha ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ndiyo kesi ngumu. Upangaji wake unafuata sauti za asili zinazozaliwa juu ya noti moja ya msingi, na ile ya saba katika safu hiyo iko senti 31 chini ya noti ya piano inayofanana nayo. Programu za kunyoosha sauti zitaipeleka kwenye piano na kuiua palepale. Zima hicho kitu kabla hujafanya lolote. Pima noti za ilimba kwa programu ya simu ya kupima noti, ziandike, halafu panga vyombo vingine viifuate. Ulimi wa chuma huweza kuvutwa nje kidogo ukashuka au kusukumwa ndani ukapanda, lakini mwachie mwenye ilimba afanye mwenyewe. Upangaji ule ni wa kijiji chake na pengine wa mwalimu wake, na wewe hujui ulikuwaje kabla hujaugusa.

La mwisho, na la nadra: vyombo vyote vya moja kwa moja viko juu ya kinanda kwa kiasi kilekile. Rudi kwenye 44.1 na 48.

Muziki unameza maneno

Mwongozaji atasema "punguza muziki", nawe utapunguza, naye atasema tena. Jaribu kwanza kitu cha aibu: umetunga ukiwa umezima mazungumzo? Wengi tunafanya hivyo ili tusikie vizuri, na matokeo yake muziki unajaza kila pengo ambalo mwigizaji aliliacha kwa makusudi. Washa mazungumzo na utunge upya ukiyasikia kama chombo kimojawapo.

Kisha angalia nani anaimba mahali pa sauti ya mtu. Konsonanti, zile zinazotutofautishia *pata* na *kata*, hukaa zaidi kati ya kilohezi 2 na 4. Zumari hukaa hapohapo na halina adabu. Fidla ya juu vilevile. Kabla ya kushika ekwalaiza, shusha chombo oktavu moja au mpe mpigaji udi badala ya fidla. Utaokoa saa nzima. Ekwalaiza ije baadaye, kwa desibeli mbili au tatu tu eneo hilo, na wakati wa maneno peke yake.

Kuna kisa kimoja ekwalaiza haikisaidii: wimbo wenye mashairi ya Kiswahili chini ya mazungumzo ya Kiswahili. Sikio halifuati habari mbili za lugha moja kwa wakati mmoja, litachagua, na pengine litachagua shairi. Sogeza beti kwenye mapengo, acha mwimbaji aghune bila maneno pale watu wanapoongea, au mpe mwongozaji achague: wimbo au mazungumzo.

Ikiwa maneno yenyewe yalirekodiwa vibaya, na upepo na jenereta vimo ndani yake, hakuna muziki utakaowekwa chini yake ukaonekana mpole. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuchanganya sauti. Mpe muziki wako kwa mafungu (ngoma peke yake, nyuzi peke yake, sauti peke yake) ili apunguze linalosumbua bila kuzima vyote.

Mpigaji anasema anajisikia akichelewa

Bafa, yaani fungu la sampuli ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kutoa sauti. Ipunguze iwe 128 au 256 wakati wa kurekodi; kwa 48 kHz, 256 ni kama milisekunde 5, wakati 1024 ni zaidi ya 21, na mpiga ngoma atazisikia. Sauti ikikwaruza, zima programu nyingine na athari zote za sauti. Saundi kadi nyingi zina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta, kitumie.

Kelele za mtaa zimeingia

Jogoo, bodaboda, adhana, mvua juu ya mabati. Hakuna programu inayoitoa mvua ya mabati ndani ya udi bila kuuacha udi ukiwa mifupa. Rekodi kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, zima feni na friji (weka funguo zako ndani ya friji, hutasahau kuiwasha), simamisha magodoro mawili nyuma ya mpigaji na moja mbele ya dirisha. Maiki iwe shubiri moja na nusu kutoka kwenye chombo. Ndivyo hivyo.

Chumbani ni tamu, nje umepotea

Ukisikia hivi baada ya onyesho la wazi, kama vile kwenye ukumbi wa Ngome Kongwe pale Zanzibar lilikofanyika miaka mingi tamasha la filamu la ZIFF, usijilaumu haraka. Hewa ya wazi haina kuta za kurudisha besi, na mwangwi mdogo uliouweka kwa upendo unamezwa na upepo wa Forodhani. Punguza kutegemea mwangwi na uipe besi noti zinazosikika juu yake pia.

Kwenye simu tatizo ni jingine: spika ile ndogo haitoi sauti nene kabisa. Ngoma iliyotungwa yote chini ya hezi 150 haipo, ni kama hukuiandika. Ongeza kofi la mkono juu ya ngozi, au kayamba inayofuata pigo hilohilo. Sikiliza pia kwa mono, yaani kushoto na kulia vikichanganywa kuwa kimoja. Chombo kikififia ghafla kwenye mono, maiki zako mbili zilikuwa zinafutana. Geuza faza (mwelekeo wa wimbi) ya moja, au ibakize moja tu.

Na kama sauti ni ndogo au imeshushwa na mtandao, angalia vipimo kabla ya kubana: televisheni zinazofuata EBU R128, kanuni ya watangazaji wa Ulaya, hutaka −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), YouTube hushusha kinachozidi takriban −14. Faili moja haitoshi kwa zote mbili. Filamu ikienda sinema yenyewe kwa DCP (kifurushi cha kidijitali cha kuonyeshea sinema), muziki wako usiupakie wewe. Mwachie anayeitengeneza DCP.

Mwongozaji anakataa kila unachompa

Mara nyingi amehariri kwa wimbo wa kuazima na ameuzoea mpaka amekuwa kama ameuoa. Usiuige. Keti naye, uucheze mara moja, umwulize anapenda nini ndani yake: kasi, chombo, au pale unaponyamaza? Jibu likiwa "pale unaponyamaza", umeshapona. Halafu mwombe auzime kwenye uhariri kwa siku tatu kabla ya kusikia wako.

Filamu imewekwa mtandaoni, imekuja arifa ya hakimiliki

Usibishe arifa kabla hujajua nani ameileta. Chanzo cha kawaida ni wewe mwenyewe: uliupakia muziki huo kwa msambazaji wa nyimbo, naye akauandikisha kwenye mfumo wa utambuzi, sasa mashine inaikamata filamu uliyoifanyia kazi. Mwandikie msambazaji airuhusu chaneli ya filamu. Kinachofuata ni lupu (kipande cha muziki kinachojirudia) ya kununua au ya bure ambayo mtu mwingine ameitumia kwenye wimbo wake. Tafuta leseni uliyoipakua nayo. Kama hukuihifadhi, ipige upya lupu hiyo kwa mkono.

Kisa cha tatu huwaumiza walio waaminifu. Umechukua wimbo wa harusi au wa jando, "wa mababu", kutoka kwenye kanda ya zamani. Hata kama wimbo hauna mtunzi anayejulikana, *rekodi* ile ina mwenyewe, na waimbaji waliomo ndani wana haki zao. Nenda kwa waimbaji, rekodi upya, lipa, andikishaneni.

Karatasi na iwepo kabla ya muziki kuingia kwenye filamu: nani anamiliki utunzi, nani anamiliki rekodi, filamu inaruhusiwa kwenda wapi na kwa muda gani. Matamasha huuliza, na "tulielewana kwa simu" haijazwi kwenye fomu. Ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya ndiko pa kuanzia kuuliza. Ikiwa arifa inataja fedha, au umeletewa mkataba unaokutaka uachie haki zote milele, usijibu chochote na usisaini siku hiyo. Hifadhi faili za mradi zenye tarehe zake, nakili mazungumzo yote ya WhatsApp, uvipeleke kwa wakili.